Mapambo ya Krismasi kutoka shambani: anza Oktoba, usingoje Desemba

Habari za jioni wakuu.

Nimelisoma swali la mleta uzi mara mbili kabla ya kujibu. Kwa mliochelewa, anasema mwaka huu ukoo mzima unapanda kwenda nyumbani Marangu, Kilimanjaro, kwa Krismasi. Wana kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye migomba na kahawa, wana ua mrefu wa saiprasi, na mama yao amechoshwa na mapambo ya plastiki yanayonunuliwa kila mwaka na kuishia kuchomwa nyuma ya migomba Januari. Anauliza kama nyumba nzima inaweza kupambwa kwa vitu vya shambani tu, na kama havitanyauka kabla sikukuu haijafika.

Inawezekana kabisa. Nimeolewa huku huku mlimani, na hii itakuwa Krismasi ya 12 nikiwa kwenye kamati ya mapambo ya usharika wetu. Kwa miaka hiyo yote nyumbani kwangu sijanunua pambo la plastiki. Nitaandika kwa urefu kwa sababu majibu mengi hapo juu ni mazuri ila yanaanzia tarehe 23 Desemba, na hapo ndipo watu wanapokwama.

Vitu vya shambani vina tabia mbili. Kuna vinavyopendeza vikiwa vibichi na kuna vinavyopendeza vikishakauka. Ukitegemea vibichi peke yake, utakata maua tarehe 24 mchana, na asubuhi ya Krismasi wageni wanaingia yamekwisha inama. Kitu kilichokauka vizuri hakina tena cha kunyauka. Mimi napima hivi: robo tatu ya mapambo yangu ni makavu na yalikwisha andaliwa zamani, robo moja ndiyo mabichi ninayoyakata siku mbili za mwisho. Na kukausha kunataka jua. Huku kwetu jua la uhakika ni hili la Oktoba. Vuli ikishakolea, mlimani ni mawingu na manyunyu, na ukungu wa nje unaleta ukungu ndani ya vitu vyako. Kwa hiyo mleta uzi hujawahi wala hujachelewa. Wiki hizi tatu au nne zijazo ndizo zenyewe.

Nianze na mti, kwa kuwa ndio kila mtu anaouliza. Msikate mti mzima. Ua wa saiprasi unapunguzwa kila mwaka, basi subirini mupunguze Desemba badala ya sasa. Chagueni tawi moja nene lililosimama wima, au matawi matatu myafunge pamoja kwa waya ule wa kufungia nondo. Likatwe asubuhi na mapema, lisilazwe juani hata nusu saa, na kabla ya kulitumbukiza kwenye maji kata tena kipande cha kama sentimita tatu chini, maana pale palipokatwa kwanza utomvu hukauka na kuziba njia ya maji. Ndoo yenye mawe hulishika vizuri. Siku mbili za kwanza litakunywa maji mengi kuliko mnavyotegemea, kwa hiyo mtoto mmoja apewe kazi ya kuongeza maji asubuhi na jioni. Langu nikilikata tarehe 18 au 19 hufika mwaka mpya likiwa bado linanukia.

Kuna ndugu hapo juu ameshauri kwenda kuchukua matawi na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya msituni. Naelewa kwa nini, ni nzuri sana. Lakini msitu wa mlima wetu umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005, na hairuhusiwi kutoa kitu. Vivyo hivyo yale maua makavu ya rangi ya fedha ambayo wapagazi wanayajua, yanayoota juu kule kwenye baridi. Yaacheni. Mnacho cha kutosha kwenye kihamba.

Kama hamtaki mti wa kijani, kuna njia ambayo mimi naipenda kuliko zote na sijaona mtu ameitaja. Mkikata mikahawa iliyozeeka ili ichipue upya, yale matawi makavu msiyachome yote. Tawi la mkahawa mkongwe lina mikono inayotoka mbilimbili, huku na huku, kama ngazi. Lisugue kwa brashi ngumu liondoke vumbi na kuvu, lipake chokaa nyepesi au liache na rangi yake, lisimamishe kwenye chungu chenye mchanga. Kila pambo unalolitundika linaonekana, halijifichi ndani ya majani. Mwaka nilipofanya hivyo mara ya kwanza baba mkwe alikaa mbele yake muda mrefu, kisha akasema mkahawa ule aliupanda yeye na marehemu mdogo wake. Tangu hapo tunasimamisha tawi la kahawa sebuleni kila mwaka, na saiprasi inabaki ya kibarazani.

Sasa vya kutundika.

Watu wakisikia mapambo ya shambani wanadhani ni mapambo ya kukosa hela. Zile puto za kioo zinazong'aa, ambazo plastiki ya leo inaziiga, zilianza kutengenezwa na mafundi wa kioo wa Lauscha, Ujerumani, katika karne ya 19. Kabla ya hapo Wajerumani walitundika matufaha na njugu kwenye mti. Vioo vya mwanzo viliiga matunda. Kwa hiyo anayetundika tunda la kwao ndiye aliye karibu zaidi na ilikoanzia desturi, na wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka nchi hiyo hiyo ya kupamba kwa matufaha.

Kitu cha kwanza cha kuokota, na hakina gharama yoyote, ni maganda ya jakaranda. Moshi mjini na njia nzima ya Arusha imejaa. Wakati huu kila mtu anatazama maua ya zambarau juu, tazameni chini. Ganda lake ni la mviringo, bapa, gumu kama ubao mwembamba, na limepasuka katikati kama mdomo uliofunguka kidogo. Toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto, pitisha uzi, basi. Ukitaka, ndani ya ule mdomo pachika kiua kikavu. Mkrismasi nao, ule mti wa mwavuli unaowaka maua mekundu Desemba, asili yake Madagaska, una maganda marefu meusi yanayochakacha mbegu ndani. Hayo ni mazito kwa tawi la saiprasi. Yapange kwenye chungu kirefu mlangoni, watoto watayachezea kama kayamba na hayaharibiki.

Koni za mipaina zinapatikana popote palipopandwa. Zikiwa na unyevu hujifunga, zikikauka hufunguka. Lakini ile aina iliyopandwa kwa wingi huku kwetu na kule kwenye shamba la miti la Sao Hill, Iringa, hushikilia koni zake zimefungwa miaka mingi mpaka zipate joto. Ukizianika juani utangoja sana. Zipange kwenye sinia, weka juu ya jiko lililobaki na makaa ya majivu, zigeuze geuze, utasikia zinalia moja moja zinafunguka. Simama hapo hapo usiondoke, kwa sababu zina utomvu na zinashika moto.

Kisha mgomba. Kwenye kihamba chenu mna hazina ambayo watu wa mjini wanainunua kwenye maduka ya watalii. Yale maganda makavu yanayoning'inia kwenye shina la mgomba yana rangi zaidi ya nne kwenye mgomba mmoja: ya maziwa, ya asali, ya udongo, na nyeusi karibu na chini. Yachukue yakiwa yamekauka shinani yenyewe, sio yaliyoanguka, maana yaliyoanguka yana madoa ya ukungu na wadudu. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yapasue vipande vya upana wa vidole viwili, yapige pasi ya uvuguvugu au uyalaze chini ya godoro usiku mmoja. Yakishalainika unasuka, unakunja, unafunga. Malaika wetu wote ni wa mgomba: kichwa ni fundo, mabawa ni ganda la rangi ya maziwa lililokunjwa kama kipepeo, gauni ni nyuzi zilizochanwa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kutengeneza saba kwa mchana mmoja. Kwenye kanisa letu tulitengeneza 200 na watoto wa Shule ya Jumapili, tukavitundika kwa urefu tofauti kutoka kwenye kenchi, na upepo wa madirishani ukawa unavigeuza wakati wa ibada ya mkesha. Sijaona tena pambo lililonigusa kama lile.

Nyota natengeneza kwa mabua ya ngano. Hii ni kazi ya subira, na mwenye haraka asianze nayo. Mabua tunayapata kwa jamaa zetu wa West Kilimanjaro baada ya mavuno, yaliyokatwa kwa mkono, kwa sababu mashine huyavunja. Unakata kati ya fundo na fundo upate mirija mitupu. Loweka kwenye maji ya moto kiasi kwa nusu saa, pasua kwa wembe upande mmoja, fungua, piga pasi. Hapa kuna siri ambayo mama mmoja wa Kilutheri alinifundisha nikiwa msichana: ukiiacha pasi muda mrefu kidogo, ubua unabadilika kutoka njano kwenda hudhurungi, kwa hiyo nyota moja inaweza kuwa na rangi tatu bila tone la rangi. Panga vipande vinne vikatane katikati, funga kwa uzi mwekundu ukipita juu ya kimoja na chini ya kingine, kaza, kata ncha kwa mkasi ziwe kama mkuki. Ninazo nyota zenye miaka tisa, zimezidi tu kung'aa.

Vibuyu. Kama hamkupanda mwaka huu mmechelewa kwa Krismasi hii, kibuyu kinataka miezi mingi ya kukua na miezi mingine ya kukauka. Nunueni vidogo vilivyokwisha kauka sokoni, Marangu Mtoni siku ya soko hamkosi. Kwa mwakani, kosa ambalo nililifanya miaka miwili mfululizo ni kuvichuma vikiwa vya kijani kwa kuogopa wezi. Vilioza vyote, harufu ikajaa ghala. Kibuyu kinachumwa kikonyo kikishakauka kabisa. Halafu kining'inizwe jikoni juu ya moto wa kuni, pale moshi unapopita, hapo mdudu hakigusi. Kiko tayari ukikitikisa ukasikia mbegu zinacheza. Safisha kwa steelwool na maji, kipake mafuta kidogo, kitakuwa na rangi ya ngozi ya mtu mwenye afya.

Machungwa na viungo wengine wameeleza, nitaongeza machache tu. Vipande viwe vya unene wa nusu sentimita. Vikiwa vinene katikati hubaki na maji na huota ukungu, vikiwa vyembamba hujikunja. Vifute kwanza kwa kitambaa, vianike juu ya wavu na sio kwenye bati, vifunikwe chandarua, na miguu ya meza isimame kwenye vikopo vya maji. Hilo la vikopo msilipuuze. Mwaka mmoja sisimizi walinimalizia vipande vya machungwa 30 usiku mmoja. Siku nne au tano za jua kali zinatosha. Ukivishika dhidi ya mwanga wa dirisha vinakuwa kama kioo cha kanisani. Walio Dar na Tanga wavihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko hadi wiki ya sikukuu, hewa ya pwani huvirudisha unyevu. Na chungwa zima lililodungwa karafuu hukaa hata mwaka, ila mtoboe kwanza kwa kijiti, kidole kitaumia, na mlikaushe wiki mbili tatu mahali penye hewa kabla ya kulitundika.

Kahawa mbivu kwenye matawi yake inavutia macho kuliko karibu kila kitu: shanga nyekundu zimekaa safu kwa safu kwenye kijani kinachong'aa. Tuliitumia mezani pa Bwana mwaka wa kwanza wa kamati yetu. Siku ya nne ikaanza kuvuja na kitambaa cheupe cha madhabahu kikapata madoa ambayo hayakutoka. Tumia tawi moja au mawili kwenye meza ya chakula siku yenyewe, yakiwa kwenye sinia, na jioni yaondoke.

Mleta uzi, sasa nisikilize kwa makini hapa kwenye masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, kwa sababu umeandika kwamba mna masale mengi mpakani na unafikiri kuyatumia.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu nilifikiri kama wewe. Mimi si Mchaga wa kuzaliwa, nimetoka Mbeya. Niliona majani marefu ya kijani, yanakaa ndani ya maji wiki na wiki bila kunyauka, hata yanatoa mizizi humo humo. Nikachukua panga, nikakata mafungu makubwa kwenye mpaka wetu na wa jirani, nikapamba kibaraza chote. Nilifurahi mno. Jioni shangazi ya mume wangu alikuja, akasimama uwanjani, hakuingia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani amekata sale la mpakani?" Nikamwambia ni mimi. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi nje, akanieleza mpaka giza likaingia.

Sale kwa Mchaga ni mpaka. Ndugu wawili wakigawana kihamba, sale ndilo linalopandwa kati yao, na kulikata bila kusema ni kama kuanzisha maneno. Sale lilipandwa pia pale wazee walipohifadhiwa zamani, kwa hiyo kuna masale mengine kwenye kihamba ambayo si ua wala si pambo. Na sale ni msamaha. Mtu aliyekosa akija na jani la sale lililofungwa fundo, ni vigumu sana kwa aliyekosewa kumfukuza. Usiku ule ule mume wangu na mimi tulikwenda kwa jirani kueleza. Alitupokea vizuri, akacheka kidogo, akasema aliona asubuhi akajua ni mgeni. Lakini alisema pia kwamba kama nisingekuja, angekaa na neno hilo moyoni.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla ya kugusa sale lolote, muulizeni mzee wa nyumbani ni lipi la kukata. Karibu kila boma lina masale yaliyopandwa tu uwanjani, hayo hayana shida. Na mimi tangu siku ile sipambi kwa mafungu. Naweka jani moja tu, bichi, kwenye pango, mbele ya hori la mtoto. Shangazi ndiye aliyelifunga fundo lake la kwanza kwa mikono yake. Alisema malaika waliwaletea wachungaji habari ya amani, na huku kwetu amani huletwa hivi. Amefariki sasa. Siku hizi fundo analifunga binti yangu mkubwa.

Pango lenyewe ni rahisi: mawe ya mtoni, maganda ya mgomba kwa paa, majani makavu ya mahindi kwa kitanda. Wakatoliki wanaikumbuka ile ya Mtakatifu Fransisko kule Greccio mwaka 1223, ambayo ilikuwa na ng'ombe na punda wa kweli na nyasi za kweli. Mna zizi nyumbani, nyasi zitoke humo.

Kuhusu shada la Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, kwa aliyeuliza pale katikati ya uzi: yeyote atakayeweka mishumaa awe mwangalifu. Shada hili alilianza Johann Hinrich Wichern kule Hamburg mwaka 1839, kwenye nyumba ya watoto maskini waliokuwa wanamuuliza kila siku Krismasi imebaki siku ngapi. Alichukua gurudumu la mkokoteni akalipachika mishumaa. Majani ya kijani yalikuja baadaye, na majani ndiyo hatari yake. Jumapili ya nne, matawi uliyoyakata Jumapili ya kwanza yana wiki tatu nzima, yamekauka kama viberiti, na mshumaa wa kwanza umebaki mfupi kabisa, moto wake uko usawa wa majani. Kwenye usharika wetu liliwahi kushika katikati ya wimbo. Alhamdulillahi alisema mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa amemsindikiza mkewe, akavua koti na kulifunika. Tangu hapo matawi yanabadilishwa kila Jumamosi, kila mshumaa unasimama ndani ya kopo la bati lenye mchanga, na hakuna katani karibu. Katani ni pambo zuri sana, nyuzi zake zikichanwa ni kama nywele za malaika, na mkonge una historia yake kwetu, uliletwa mwaka ule ule wa 1893. Lakini inawaka haraka kuliko karatasi. Na juu ya mti usiweke mshumaa hata umeme ukikatika. Kaeni gizani mwimbe mpaka urudi.

Kitako cha shada tengenezeni kwa mashina makavu ya mpasheni mliyopunguza, yakizungushwa mara tano sita yakiwa bado na unyevu. Hayahitaji waya.

Rangi nyekundu ndiyo inayosumbua watu wengi. Lile ua la Krismasi lililo kwenye nyua nyingi, asili yake Meksiko, lile jekundu lake si ua bali ni majani. Maua ni vile vidude vya njano katikati. Mmea ule hungoja usiku mrefu ndipo uwe mwekundu, na huku karibu na ikweta usiku haubadiliki sana, kwa hiyo mwaka mwingine Desemba unaukuta umekolea na mwaka mwingine ni kijani kitupu. Kama wenu uko karibu na taa ya uwanjani inayowaka usiku kucha, zimeni taa hiyo. Ukikata, choma kidogo mwisho wa shina kwa moto, utomvu wake mweupe usitoke. Unawasha ngozi, na macho msiyaguse. Mimi najitegemezea zaidi bogenvilia. Ikikatwa bila maji inasinyaa kwa saa chache, ndiyo maana wengi wanaidharau. Ila ukichuma yale majani yake ya rangi mchana yakiwa makavu, ukayatandaza kwenye ungo ndani ya chumba chenye giza kwa wiki moja, yanakuwa kama karatasi laini na rangi haiendi. Nayaunga kwa sindano na uzi, futi sita sita, yanazunguka mti mzima.

Msitafute wekundu kwenye mbegu za kuokota porini. Zile nyekundu ndogo zenye jicho jeusi zina sumu kali, mtoto akiitafuna moja ikapasuka ni hatari ya kufa. Mbegu za mbarika hali kadhalika, japo zina madoa mazuri. Krismasi nyumba imejaa wajukuu wa kila umri. Tumieni maharage mekundu, mahindi ya rangi, mbegu za maboga.

Theluji ya pamba mimi siitumii. Anayetaka theluji aamke saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, atoke uwanjani aitazame Kibo.

Kwa ndugu wa Tanga aliyesema hana saiprasi: mvinje unatosha. Sindano zake ni laini na zinaanguka mapema, kwa hiyo kata tarehe 22 au 23, na tundika vyepesi tu, nyota za ukindu, maganda ya bahari, vile vikoni vyake vidogo vilivyotungwa kama shanga. Lango lipambwe kwa makuti mabichi yaliyosukwa, fundi wa kusuka hamumkosi mtaani.

Baada ya Epifania, msiwape ng'ombe matawi ya saiprasi, hasa mwenye mimba, yanaweza kuharibu mimba. Yakaushwe yawe kuni. Nyota, malaika, maganda ya jakaranda na vibuyu viingie kwenye gunia safi na majani makavu ya mwarobaini, gunia litundikwe darini mbali na panya. Bogenvilia na machungwa kila mwaka ni mapya.

Mleta uzi, kama wikiendi hii unapita Moshi mjini, beba mfuko. Maganda ya jakaranda 60 yanatosha mti mmoja, na yaliyoanguka leo kabla ya mvua ndiyo mazuri. Ukikwama kwenye nyota za ngano niandikie hapa hapa, nitakuelekeza hatua kwa hatua.